Chuo cha Ufundi na Faida ya Wasiosoma Humo

Katika mahafali ya chuo chochote cha ufundi, hotuba huzunguka takwimu mbili: wamehitimu wangapi, na wangapi wamekwisha kupata kazi. Takwimu hizo ni muhimu, ila zinampima mhitimu peke yake, kana kwamba ujuzi ukishatoka karakanani humalizikia mfukoni mwake. Kwa mkoa wa Mwanza, wenye watu wapatao milioni 3.7 kwa sensa ya mwaka 2022 na uchumi unaosimama juu ya samaki, pamba, mifugo, biashara na ujenzi, hesabu ya namna hiyo inaacha nje sehemu kubwa ya faida yenyewe. Chuo kilicho jirani huwanufaisha watu wengi ambao hawakuwahi kulipa ada wala kujaza fomu ya kujiunga, na kwa kuwa watu hao hawahesabiwi popote, mjadala kuhusu nani agharimie mafunzo ya ufundi na vyuo vijengwe wapi huishia kupotoka.

Vyuo vinavyozungumziwa hapa si vya aina moja. Kuna vyuo vya VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kile cha Nyakato ndicho wakazi wengi wa jiji wanachokijua. Kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 kwa nchi nzima, vilivyoanza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, vikiwamo vya Sengerema, Karumo na Malya katika mkoa huu. Kuna kampasi ya Nyegezi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Kuna chuo cha kilimo cha Ukiriguru, jirani na kituo cha utafiti wa pamba. Na kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, inayofundisha teknolojia ya ngozi. Umiliki wao umetawanyika katika wizara za elimu, kilimo, na mifugo na uvuvi, na kila wizara hutoa taarifa za vyuo vyake. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya faida yao kutojumlishwa: hakuna ofisi ambayo kuijumlisha ni kazi yake.

Kiini cha jambo hili kinaonekana vizuri zaidi upande wa mwajiri. Kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara kinategemea mitambo ya kubaridi na kugandisha. Ikizimika kwa saa chache, samaki waliokwisha kununuliwa kwa fedha taslimu huharibika. Kiwanda kinahitaji fundi wa mitambo hiyo, na kinaweza kumfundisha chenyewe. Lakini kikishamgharimia miaka miwili, kiwanda cha jirani kinaweza kumwongezea mshahara kidogo na kumchukua, kikawa kimepata fundi kamili bila kutoa senti moja ya mafunzo. Kila mwenye kiwanda analijua hilo, kwa hiyo kila mmoja anasubiri mwenzake afundishe, na mwisho mafundi wanakuwa haba kwa wote, ingawa wote wanawahitaji na wote wangekuwa tayari kuchangia gharama kama wangehakikishiwa kwamba wenzao nao wanachangia.

Tozo ya kuendeleza ufundi stadi inakusudiwa kuvunja mkwamo huo. Mwajiri hulipa asilimia fulani ya mishahara anayotoa, awe amefundisha mtu au hakufundisha, na sehemu ya fedha hizo hugharimia mafunzo ya ufundi stadi. Tozo hiyo iliwahi kuwa asilimia 6, ikateremshwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na tangu mwaka 2021 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Waajiri wamelalamikia uzito wake kwa miaka mingi, na wana hoja, kwa kuwa sehemu nyingine ya tozo huelekezwa kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ambao si mafundi wa kubaridi samaki. Hata hivyo, kupungua kwa tozo ni nafuu kwa mwenye kiwanda na si lazima kuwe nafuu kwa gereji ya Igoma yenye vijana watano, ambayo hailipi tozo hata shilingi lakini inategemea wahitimu wa chuo kilekile. Fedha zinatoka sekta rasmi, wahitimu wengi wanaishia sekta isiyo rasmi. Anayelipa na anayefaidika si mtu mmoja, na ubishi mwingi kuhusu tozo hii unaanzia hapo.

Kutoka kwa mwajiri twende sokoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula, na hasara haikuwachagua waliokosea. Kiwanda kisafi na kichafu vilifungiwa pamoja, na mvuvi ambaye barafu yake ilikuwa safi alikosa mnunuzi sawa na yule aliyerundika samaki juani. Sifa ya samaki wa ziwa ni mali ya pamoja, na uzembe wa mtu mmoja unaigharimu pwani nzima. Kwa hiyo mkaguzi wa ubora aliyefunzwa Nyegezi, au msichana wa kiwandani aliyefundishwa namna ya kunawa, kuvaa na kupima joto la samaki, anapokea mshahara wake mwenyewe lakini analinda mapato ya wavuvi wa Ukara na Kayenze ambao hawatamfahamu kamwe. Hakuna mvuvi mmoja ambaye angekuwa na sababu ya kumlipia ada, ingawa wote kwa pamoja wanayo sababu kubwa.

Dagaa wanalionyesha jambo hilo kwa karibu zaidi. Dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga wa mwalo, yaani ufukwe ambako mitumbwi hushushia samaki, huokota mchanga, hupitiwa na kuku na mbwa, na mvua ikishuka ghafla hakuna namna ya kuwanusuru wote. Mnunuzi anayewatafuta kwa ajili ya chakula cha watu huchota konzi moja, akawasugua viganjani, na akihisi chembe za mchanga bei hushuka papo hapo. Walioharibika zaidi huenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Wanaoanikwa kwenye chanja, yaani nyavu zilizotandazwa juu ya fito kwa urefu wa kiuno, hupata hewa juu na chini, hukauka upesi, na hukusanywa haraka wingu likitanda. Ufundi wenyewe hauhitaji cheti, ila unahitaji mtu wa kwanza wa kuuonyesha ipasavyo: nafasi ya kuachwa kati ya fito, unene wa tabaka la dagaa, namna ya kuwaosha kwa maji safi kabla ya kuanika. Wanawake wawili au watatu wakifundishwa na kupata bei nzuri zaidi katika soko la Mwaloni Kirumba, ambako wafanyabiashara hufika kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, majirani wao wataiga bila kupelekwa kozi. Faida ya waigaji haitaandikwa kwenye taarifa ya chuo chochote, nami naamini kwamba katika kazi za namna hii ndiyo iliyo kubwa kuliko faida ya waliofundishwa.

Upande wa ujenzi, faida ya majirani hujidhihirisha kwa njia nyingine, nayo ni kuepukwa kwa madhara. Nyumba ikifungwa nyaya nyembamba kuliko mzigo wa umeme unaopita, au ikiachwa bila waya wa ardhini, mwenye nyumba hatambui chochote siku anapolipa fundi. Kasoro hujitokeza baada ya miezi au miaka, wakati mwingine kwa moto unaoruka hadi paa la jirani katika mitaa iliyobanana ya Mabatini au Igogo. Ndiyo maana fundi wa umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na ndiyo maana umeme unavyozidi kusambazwa vijijini, wilaya isiyo na mafundi wenye leseni huwa na nguzo barabarani na nyumba nyingi zinazosubiri, au mbaya zaidi, nyumba zilizofungwa nyaya na mtu yeyote aliyekuwa na koleo.

Hoja hiyo ina uzito zaidi kwenye majengo ya umma. Kwa miaka kadhaa sasa madarasa, zahanati na vituo vya afya vimekuwa vikijengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo kamati ya shule au ya kijiji hununua vifaa na kuajiri mafundi wa eneo hilo badala ya kumpa kazi mkandarasi mkubwa. Mwaka 2021, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa kwa muda mfupi kutokana na mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mafundi hao. Chini ya utaratibu huo, ubora wa darasa atakalosomea mtoto wa Kwimba unategemea moja kwa moja ubora wa waashi, maseremala na mafundi bati waliopo Kwimba mwezi ule fedha zinapoingia. Mafundi hawaagizwi kwa wiki moja. Wilaya iliyowafundisha miaka mitano iliyopita hupata jengo imara kwa fedha zilezile ambazo wilaya nyingine hupatia ukuta wenye nyufa.

Kuna kundi ambalo kwao swali la kwanza ni chuo kiko umbali gani. Ada ya vyuo vya VETA vya serikali kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho familia nyingi huweza kukitafuta kwa kuuza mbuzi wawili au gunia kadhaa za mpunga. Kinachozishinda ni pango, chakula na nauli za kila siku, pamoja na kazi ambazo mwanafunzi anaziacha nyumbani. Kijana asiye na majukumu anaweza kupanga chumba Nyakato na kuvumilia. Mama wa miaka 19 mwenye mtoto mchanga hawezi, wala hawezi mvuvi mwenye watoto watatu na mtumbwi wa mkopo. Kwa watu hao chuo cha mbali ni sawa na kutokuwapo kwa chuo.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimeelewa hilo mapema kuliko taasisi nyingine. Milango yao haikufungwa kwa aliyeishia darasa la saba, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimepokea wasichana waliokatishwa masomo, wengi wao kwa ujauzito, wakasoma sekondari pamoja na stadi za kazi, na baadhi ya vyuo vimeweka mahali pa kulelea watoto wakati mama yupo darasani. Serikali iliporuhusu rasmi wasichana waliojifungua kurudi shuleni, Novemba 2021, vyuo hivi vilikuwa vimekwisha kupata uzoefu wa kuwafundisha. Faida ya kijamii hapa haipimiki kwa mshahara tu. Mama aliyemaliza masomo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwapeleka watoto wake kliniki na shuleni kwa wakati, ana sauti zaidi katika maamuzi ya nyumba, na mtoto aliyelelewa chuoni huku mama akijifunza kushona au kupika ameokolewa na mengi. Sioni sababu ya kuyatafutia mambo haya thamani ya shilingi ili yaonekane ya maana, ingawa wapangaji wa bajeti hupenda iwe hivyo.

Fundi wa mtaani ambaye hakusoma chuoni ni mnufaika mwingine asiyetajwa. Huyu alijifunza gereji tangu utotoni, anajua injini kwa kuisikiliza, lakini hana karatasi, kwa hiyo hawezi kuomba kazi mgodini Geita wala kuingia katika zabuni ya halmashauri. Utaratibu wa urasimishaji ujuzi unaoendeshwa na VETA unampima kwa vitendo, unamfundisha mapengo aliyonayo, mara nyingi usalama kazini, kusoma michoro na kutunza hesabu, kisha unampa cheti. Uzuri wake ni kwamba fundi huyo tayari ana wanafunzi wake chini ya mwembe. Akianza kuvaa miwani ya kuchomelea na kuwakemea wanaochomelea kwa macho makavu, somo limewafikia vijana wengine bila gharama ya ziada. Kuhusu chuo kama mnunuzi wa unga, maharage na mbao, na wapangaji na mama lishe wanaoishi kwa kukizunguka, itoshe kusema kwamba faida hiyo ipo lakini isitiwe chumvi: kambi yoyote yenye watu mia tatu ingeleta biashara kama hiyo.

Baada ya kuorodhesha yote haya, mtetezi wa vyuo hushawishika kujumlisha kila kitu na kutangaza tarakimu kubwa. Hapo ndipo umakini unapohitajika, kwa sababu kuna mambo matatu ambayo lazima yatolewe kwanza. La kwanza ni kile ambacho mtu angekipata hata bila chuo. Tuseme kijana alikuwa akipata shilingi 150,000 kwa mwezi kama kibarua wa gereji, na baada ya chuo anapata 300,000. Tofauti ya mwaka ni shilingi milioni 1.8, lakini si yote ya chuo. Huenda angebaki gerejini miaka hiyohiyo na kufikia 220,000 kwa uzoefu tu. Basi chuo kinastahili kuhesabiwa zile 80,000 za mwezi zilizobaki, yaani 960,000 kwa mwaka, na katika hizo ziondolewe pia gharama za mafunzo pamoja na kipato alichokipoteza alipokuwa darasani.

Jambo la pili ni kwamba fundi mpya anaweza kumnyang'anya wa zamani wateja. Ikiwa mtaa una kazi za kutosha mafundi kumi wa madirisha na chuo kikaleta wa kumi na mmoja, mapato yake yametoka mifukoni mwa wale kumi, na jamii haikuongeza kitu isipokuwa labda bei nafuu na grili zilizonyooka zaidi. Katika jiji linalokua kuelekea Buhongwa na Nyamhongolo, ambako nyumba mpya huota kila msimu, athari hiyo ni ndogo. Katika kijiji kimoja chenye mafundi cherehani wengi kuliko harusi, ni kubwa. La tatu ni wahitimu wanaoondoka. Anayekwenda Dar es Salaam amepotea katika hesabu ya Mwanza ila amebaki katika hesabu ya taifa, na fedha anazotuma nyumbani hurudisha sehemu ya kilichopotea. Kwa sababu hiyo si haki halmashauri moja ibebeshwe gharama zote za chuo, na pia si busara serikali kuu ijipe sifa zote.

Makato hayo matatu hayaishushi hadhi ya vyuo. Yanachofanya ni kuhamisha macho kutoka idadi ya wahitimu kwenda kwenye aina ya fani. Fani ambayo ufundi wake mtu hawezi kuupata gerejini, kama vile kutengeneza mitambo ya kubaridi, kupima ubora wa samaki au kuunda boti za faiba, haipunguzwi sana na kato la kwanza. Fani ambayo mahitaji yake yanakua haipunguzwi sana na la pili. Tangu serikali ilipoanza kutoa boti za kisasa na vizimba vya kufugia sato kwa mkopo, kazi iliyofanyika Mwanza mwanzoni mwa mwaka 2024, mwambao umehitaji watu wanaoweza kushona nyavu za vizimba, kupima hewa ya oksijeni majini, kuchanganya chakula cha samaki na kutengeneza mashine za boti. Hata hivyo ushonaji na ufundi magari bado ndizo fani zinazojaza madarasa, kwa sababu vyerehani na injini kuukuu vinapatikana kwa urahisi, na walimu wake wapo. Kuna karakana ambamo wanafunzi ishirini husimama kuizunguka mashine moja huku mmoja akiigusa. Chuo cha namna hiyo kinatoa vyeti. Faida kwa majirani inakuwa ndogo sana.

Mhitimu mwenye ujuzi bila vifaa naye hukwama. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, inatenga asilimia 4 kwa vijana, lakini hutolewa kwa vikundi, na fundi wa mashine za boti anayehitaji boksi la spana hulazimika kutafuta wenzake ambao pengine hata fani yao si moja. Vyuo vichache vikiunda vikundi hivyo kabla ya mahafali, wakati wanafunzi wa fani moja bado wanakaa bweni moja, tatizo hilo lingepungua bila kuongeza bajeti.

Limebaki swali la mahali. Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025 na kumaliza foleni za kivuko, na wapo wanaosema kwamba sasa kijana wa Sengerema anaweza kusoma jijini. Kwa kijana asiye na familia ni kweli, ila pango na chakula havikuvushwa na daraja. Ukerewe bado ni kisiwa chenye kivuko na ratiba yake, na wavuvi wa dagaa huko wana kalenda ambayo mihula ya chuo haiijui: huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Kozi fupi ya kutengeneza mashine za boti ikipangwa katika siku hizo, mwalimu mmoja akivuka kwenda Nansio, mji wa Ukerewe, na sanduku lake la vifaa, nauli inayolipwa ni ya mtu mmoja. Wavuvi thelathini wakivuka kuja Nyakato kwa miezi mitatu, zinalipwa nauli thelathini na pango thelathini, na mitumbwi thelathini inabaki ufukweni usiku ambao dagaa wanavulika.